Betri Ndogo ya Bulla Nuh

Jumatatu, 6 Oktoba 2025. Garissa.

Mhariri anataka habari nyepesi. Lori la umeme la mradi wa lishe linapeleka chakula cha watoto wenye utapiamlo Wajir Magharibi. Nipande, nirudi na maneno mia nane na picha sita. Anasema wasomaji wamechoka na mizoga. Sawa.

Dereva anaitwa Guracha. Miaka ishirini na sita kwenye dizeli, wiki tano kwenye hili. Leo jioni alilizunguka mara mbili kama mtu aliyeletewa mkwe asiyejulikana ukoo. Nikamuuliza analionaje. Akasema halina harufu, na kitu kisicho na harufu huwezi kujua kama ni kigonjwa.

Jumanne, 7 Oktoba. Wajir.

Tulichaji Habaswein kwenye paneli za sola za mradi, kwa saa nne na nusu. Kati ya Modogashe na hapo nilihesabu ng'ombe kumi na mmoja waliokufa, upande wa kushoto tu. Sitawaandika. Habari nyepesi!

Guracha hawashi kipoza hewa. Kila tukisimama anazima lori zima, hata kwa dakika mbili za kukojoa. "Moto ni mafuta, mwandishi. Ukiacha inawaka, unamwaga." Moto, kwake, ni chaji ya betri. Niliiandika sentensi hiyo kwenye daftari la kazi. Nilidhani ndiyo itafungua makala.

Jumatano, 8 Oktoba. Bulla Nuh.

Kilomita sabini na mbili za mchanga baada ya Hadado. Nyumba tisini hivi, duka moja, msikiti usio na kipaza sauti, zahanati yenye muuguzi mmoja. Lori halikuweza kuvuka laga, maana mchanga wa mto ule mkavu ungelimeza, kwa hiyo limesimama ng'ambo, kama mita mia nne kutoka zahanati. Masanduku yalivushwa kwa mikokoteni ya punda. Kazi imekwisha saa tisa alasiri.

Muuguzi ni Idman. Ana miaka thelathini na kidogo, mwaka wa tatu hapa. Zahanati ina betri mbili za sola. Moja imekufa tangu Aprili na barua tatu zimeandikwa. Iliyobaki inaendesha taa, friji na mashine ya oksijeni. Amepiga marufuku simu. Hakuna anayechaji kwake, hata chifu.

Basi watu waliposikia kwamba gari lililokuja ni la umeme, walivuka laga na simu zao. Nilizihesabu: kumi na saba. Guracha alichomeka soketi juu ya soketi mpaka kibini, chumba cha dereva, kikawa kama kiota. Mkongwe mmoja, Rukiyo, alileta simu mbili na kibuyu cha maziwa ya ngamia. Ungekataa vipi? Guracha alikunywa, akafuta masharubu, akazima lori ili moto wa safari usiliwe. Simu zikaendelea kuchaji. Redio pia. Kioo cha dashibodi kilikuwa kimesoma asilimia sabini na moja kabla hajazima.

Simu yangu ilikuwa ya kumi na nane.

Tutaondoka alfajiri.

Alhamisi, 9 Oktoba. Bulla Nuh.

Hatukuondoka. Lori limekufa.

Kitufe cha mlango hakijibu. Guracha alifungua kwa ufunguo wa chuma uliofichwa ndani ya kishikio. Kioo cheusi. Hata taa ya hatari haiwaki. Aligonga usukani kwa ngumi, kisha akauomba msamaha. Kwa Kiborana, lakini msamaha hauhitaji tafsiri.

Mtandao unapatikana juu ya tangi tupu la maji tu. Nilipanda nikampigia Abdimalik, fundi wa mradi, Nairobi. Aliuliza maswali matatu, akajua. Chini ya kiti kuna betri ndogo ya volti kumi na mbili, kama ya gari lolote. Ndiyo inayoamsha kompyuta, na kompyuta ndiyo inayofungulia ile kubwa mlango. Lori likiwa limewashwa, kubwa inailisha ndogo. Likizimwa, ndogo iko peke yake. Soketi za kibini zinanyonya ndogo.

Nikamwambia kuhusu simu. Akauliza ngapi. Nikamwambia kumi na nane. Sikusema kumi na saba.

Nilimweleza Guracha. Alikaa chini kwenye mchanga. Alisema kwa dizeli angesukuma, angeteremsha mlima, angepiga gia. Rukiyo aliyekuja kuchukua simu zake alisikia yote, akacheka mpaka akashika mbavu. "Wallahi, kube amemaliza ngamia!" Kupe, alimaanisha. Watoto wamelirudia siku nzima.

Saa tatu kicheko kiliisha. Deka, mama wa miaka ishirini na miwili, aliingia zahanati na mtoto wake Hamdi. Miezi saba. Kifua. Ametembea tangu usiku kutoka kambi ya malisho. Mumewe yuko mbali, akichunga ngamia. Idman alimweka kwenye mashine. Oksijeni ya damu bila mashine: asilimia themanini na moja. Na mashine: tisini. Amempa dawa aliyonayo. Dawa anayoihitaji iko hospitali ya Wajir. Amesema wazi, mbele ya mama: hapa anaweza kumshikilia, hawezi kumponya.

Gari la wagonjwa liko Bute. Litarudi Jumamosi, labda. Gari la pili la mradi liko Garissa: siku mbili. Lori la wafanyabiashara wa mifugo hupita Jumatatu.

Nikaorodhesha betri zote za Bulla Nuh. Taa ndogo za sola, nyingi, hazifai. Pikipiki moja, ya Billow. Jenereta la duka ni la kuvuta kamba, halina betri, na injini yake imeungua. Zahanati, moja.

Tulijaribu ya pikipiki. Kioo kiliwaka! Neno la karibu likatokea, kitu kikalia kop chini ya sakafu, Guracha akainua mikono — giza tena. Mara tatu. Mara ya nne hata kioo hakikuwaka. Tukajaribu kuichaji betri ya lori kwa paneli ya duka. Haipokei. Abdimalik anasema imeshuka mno, imejifunga. Hiyo ni ya kutupwa, tafuteni nyingine.

Saa saba mchana Billow aliiwasha pikipiki kwa teke la mguu, bila betri, akaondoka kwenda Hadado kutafuta betri. Idman alimwita ndugu: "Walaal, usinunue maneno. Nunua betri." Akajibu yeye hajawahi kununua maneno, huwa anapewa bure na mke wake.

Jioni. Hamdi tisini. Themanini na tisa.

Ijumaa, 10 Oktoba. Bulla Nuh. Asubuhi.

Mashine ya oksijeni ilipiga kelele saa kumi na moja. Betri ya zahanati imechoka. Idman alizima friji na taa zote, mashine ikarudi. Saa kumi na mbili ikazima tena, ikarudi jua lilipotoka. Anasema iliyobaki haitavuka usiku wa leo. Hakupandisha sauti.

Saa mbili Billow alipiga simu. Nilikuwa juu ya tangi. Betri ameipata, ameivua kwenye gari la shemeji yake, Probox. Mnyororo wa pikipiki umekatika. Yuko kilomita arobaini kutoka hapa, anasukuma.

Kwa hiyo hesabu ni hii, na kila mtu hapa ameielewa bila kuelezwa. Lori lina umeme wa kuendesha mashine ile wiki nzima, na lina soketi kubwa nyuma ya kibini inayoweza kuibeba njiani hadi Wajir. Kinachokosekana ni betri ya volti kumi na mbili, kwa dakika kumi. Betri hiyo iko chini ya meza ya Idman, na mtoto anapumua kwayo.

Saa tano.

Guracha ndiye aliyelisema kwa sauti. Alivua kofia kwanza. Alisema ikiwa itatolewa, itolewe sasa, ingali na nguvu na jua liko juu. Jioni haitaamsha hata simu. Idman alimuuliza ana uhakika gani kwamba lori litaamka. Akasema hana, akamwita dada. "Mimi na hii gari hatujajuana, abaayo. Nisikudanganye."

Nilipendekeza kila kitu kipelekwe ng'ambo pamoja, mtoto na mashine na betri. Idman alikataa. Inverta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe wa mashine, imefungwa ukutani na nyaya zake zimezikwa kwenye plasta. Na lori lisipoamka, mtoto atakuwa ng'ambo ya laga kwenye jua la nyuzi thelathini na tisa, hana mashine, hana kivuli. Akibaki hapa, betri inarudishwa mbio, mashine inawaka. Wakati huo wote atambinyia hewa kwa mfuko wa mkono. Kwa mfuko peke yake, dakika ishirini ndiyo mwisho wa anachoweza kuahidi.

"Adeer, nikikosea, jina langu ndilo liko kwenye fomu," alimwambia Guracha, akimwita ami. Halikuwa lawama. Alikuwa anamweleza kazi yake.

Wazee walikuja mlangoni. Mmoja alisema asubiriwe baba wa mtoto. Mwingine alisema isubiriwe sala ya Ijumaa. Rukiyo aliwaambia kama wana betri waitoe, kama hawana wapishe hewa imfikie mtoto. Walisogea.

Deka alikuwa amekaa kando ya kitanda. Idman alichuchumaa mbele yake akamweleza kwa Kisomali, polepole, mara mbili. Sikupata yote. Nilimwona akionyesha mashine, kisha laga, kisha kifua cha mtoto. Deka aliuliza kitu kimoja. Idman alinigeukia na kunitafsiria, sijui kwa nini mimi: anauliza ni nani aliyeiua betri ya gari.

Nikasema sisi sote. Kisha nikasema na mimi.

Deka alinitazama muda mfupi. Akasema, "Toeni."

Saa sita kasoro robo. Idman amenipa kazi moja: saa. Nitaje kila dakika. Naandika ili mkono usikae bure.

Betri ina kilo hamsini na kitu. Wanaume wanne wameiweka kwenye machela ya zahanati. Guracha ametangulia na spana. Tumekubaliana: lori likiamka atapiga honi ili tuvushe mtoto na mashine, maana halingurumi, hatutasikia kitu kingine. Wakishindwa wanarudi mbio.

Sifuri. Waya umetoka. Mashine imenyamaza.

Moja. Machela imetoka mlangoni.

Mbili. Idman anabinya, anaachia, anabinya. Kidole cha mtoto kimefungwa kipimo. Themanini na sita.

Nne. Wako katikati ya laga. Mmoja ameteleza, machela imeinama. Haikuanguka.

Sita. Themanini na nne. Wamefika. Namwona Guracha akiingia chini ya kiti, miguu nje.

Nane. Hakuna.

Tisa. Themanini na tatu. Deka ameuliza. Idman ametikisa kichwa bila kuacha kubinya. Jasho lake linadondoka kwenye shuka.

Kumi. Miguu ya Guracha imeingia ndani. Mlango umefungwa. Sijui hiyo ni ishara ya nini.

Kumi na moja. Hakuna honi. Hakuna machela inayorudi pia. Wanaume wanne wamesimama tu, wakitazama kioo cha mbele. Nimeita. Mmoja ameinua mkono wazi. Subiri? Njoo? Upepo umelikula jibu.

Kumi na mbili. Themanini na moja.

Kumi na tatu. Deka amesimama. Amemwinua Hamdi kutoka kitandani, amemfunika uso na mtandio dhidi ya jua. Idman amesema hapana. Amesema hapana tena, kwa Kisomali. Deka amevuka mlango. Idman hawezi kubinya kutoka kitandani mtoto akiwa nje, kwa hiyo anakwenda naye, ubavu kwa ubavu, mkono juu ya mfuko, akihesabu kwa sauti. Rukiyo ameibeba mashine kifuani kama mbuzi.

Kumi na nne. Wako kwenye mchanga. Nimebaki na saa na daftari. Nakwenda nao. Lori limekaa vilevile, jeupe, kimya, na ukitazama kutoka hapa haliko tofauti na jana lilipokuwa limekufa, maana hata likiamka halingurumi—