Mahindi Yako ya Mwisho

Kwako uliyeniachia jiko, Mama Wawira,

Usicheke. Tangu tukuzike ninajipikia mwenyewe, na ugali wangu mbwa aliunusa akaenda zake kulala. Binti yetu Wawira hushuka kutoka mtaa wa Dallas, Embu mjini, kila Jumamosi na mikebe ya chakula, ananitazama kama mgonjwa. Siumwi. Nimekauka machozi tu. Watu wa kanisa wanasema nitalia siku moja. Wao ndio wana haraka.

Nikupe habari ya mahindi yako. Yale uliyovuna mvua ikikunyeshea, ukayarundika uani chini ya turubai yakiwa bado mabichi, kwa kuogopa mbuzi. Tulipoyapukuchua yalikuwa na ukungu wa kijani. Ukafanya kama ulivyofanya tangu tuoane: masafi ukayatenga ya watoto, yale ya ukungu ukayaosha kwa maji ya chumvi, ukayaanika upya, yakawa yetu sisi wawili. "Ukungu ni vumbi tu," ulisema. Na punje moja ikiruka chini ya kiti changu, unanisimamisha, mwanaume mzima na kitambi chake, niiokote. "Anayetupa mahindi hajalala njaa huyo." Nani angebishana nawe? Mwaka ule wa ukame tulilala njaa pamoja.

Juzi watafiti walipita huku kwetu Kiritiri, wanaochunguza mimea na afya ya watu kwa pamoja. Msichana mmoja mpole alisaga punje zako kidogo, akazitia kwenye kimashine, akaisoma namba mara mbili. Nikaitambua namna hiyo ya kusoma. Daktari wako alikuwa nayo.

"Mzee, haya usile. Hata kuku usiwape."

"Lakini yameoshwa kwa chumvi."

"Sumu ya ukungu haioshwi, mzee. Haitoki kwa jua wala kwa kuchemsha. Ukiila miaka na miaka inaharibu ini."

Ini. Nikamuuliza kama ni sumu hiyo iliyoharibu lako ikakuchukua.

"Hapo siwezi kusema. Ini huharibiwa na mambo mengi."

Afadhali angesema ndiyo, au hapana. Tulikula sufuria moja, Mama Wawira, na mwenye kuongezwa kila mara alikuwa mimi. Mbona niko hapa nanenepa?

Akanieleza kwamba kuna ukungu mwingine, ndugu wa huo ila hauna sumu. Unamwagwa shambani kabla mahindi hayajakomaa, unawahi nafasi, ule mbaya unakosa pa kukaa. Wenzake wanatafuta mbegu ambayo ukungu hauiingii kwa urahisi. Niliitikia kwa kichwa kama mtu anayeelewa, unanijua. Nilichosikia mimi ni kwamba msaada umefika mlangoni na wewe umeshatoka.

Habari ikamfikia Njeru, yule wa kuku wa mayai. "Nipatie mimi hayo, mzee. Kuku wangu hawajasoma." Nilikaribia kumpa. Haikuwa tamaa. Nilitaka tu kazi ya mikono yako iende pahali, isiwe takataka. Wawira akasimama mlangoni mwa ghala.

"Baba, na hayo mayai yake hununuliwa na nani? Si ni sisi?"

Njeru akaondoka. Nikachimba shimo nyuma ya boma. Jirani yetu Mama Muriithi akaja na jembe lake bila kuitwa. Nilipomwaga gunia la kwanza, kuku wote wakaja mbio kwa ile sauti, wakidhani ni wewe unawaita. Mama Muriithi akawafukuza, akajifunga leso vizuri, akaanza kuimba wimbo wa mazishi, polepole, kwa Kimbeere.

"Mama Muriithi," nikamwambia, "haya ni mahindi."

"Najua ni mahindi. Wewe funika."

Nikafunika. Siku yako nilitupa udongo konzi moja tu, wanaume wakanipokea jembe. Safari hii hakuna aliyenipokea. Nilifunika mpaka mwisho, yeye akiimba, na sikuhisi kitu ila uzito wa jembe.

Mvua ikinyesha nitapanda mbegu watakayonionyesha, na huo ukungu wao mwema nitaumwaga. Lakini yale magunia ndiyo yaliyokuwa ya mwisho kutoka mkononi mwako. Hakuna mengine yanayokuja.

Lala, mama. Ghala nimelifagia mpaka pembeni. Sijui nilikuwa namfagilia nani.

Ni mimi mumeo,
Baba Wawira