Kijiko Kimoja cha Uji

Bweni la Wanafunzi,
Hospitali Kuu.
Jumanne, 9 Juni.

Mpendwa Mama Mdogo,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na baba mdogo, na kwamba goti limeacha kukusumbua tangu upate kiti chenye mgongo. Na cherehani je, bado inagoma ukiiharakisha? Mimi mwili haujambo. Moyo ndio una mambo yake, na ndiyo sababu nimeshika kalamu badala ya simu. Kwenye simu mimi na wewe tunajuana: ukianza kulia nami nalia, tunaagana hatujasema kitu.

Kabla ya yote, ahsante kwa koti jeupe la kazi. Limenikaa sawasawa, mikono haimezi tena vidole kama lile la kwanza. Wenzangu wananiuliza limenunuliwa duka gani, nami najivuna kwamba nina fundi wangu wa damu. Kwa nini leo halimo kabatini mwangu, nitakueleza huko mbele.

Najua mama amekwisha kukupigia. Najua amekwambia nimemfukuza wodini na kwamba hapa wanamnyima mumewe chakula. Ujumbe wako niliupata: "Mtoto hamshtaki mama yake." Nimeusoma mpaka nimeukariri, Mama Mdogo, na umenikata maini. Sasa nisikilize hadi mwisho, kisha hukumu.

Baba alikuwa hali chakula. Unamjua shemeji yako kwa kuficha. Koo lilikuwa limefanya kovu ndani na kubana, akawa anapitisha chai na maji tu, nasi anatuambia hana hamu. Alipokubali kuja hospitali, mkanda wake wa suruali ulikuwa na matundu mapya aliyoyatoboa mwenyewe kwa msumari wa kiseremala. Nilipoyaona matundu yale nililia chooni, nikanawa uso, nikarudi kazini.

Hospitali yenyewe ndiyo hii ninayofanyia mafunzo ya mwisho ya chuo, ya lishe. Mkufunzi wangu, ambaye sisi wanafunzi tunamwita Mama Mizani (si mbele yake), aliniita siku ileile. Akaniambia, "Kwa baba yako wewe ni binti, si mwanafunzi; faili lake usilifungue, mpango wake wa chakula usiuguse." Akanihamishia wodi ya watoto. Nilikubali, nikijua ndio utaratibu. Lakini kila nilipopata mwanya nilikimbia kwenda kukaa kando ya kitanda cha baba, na nilikwenda na koti lako mwilini. Likumbuke hilo.

Wakampitishia mpira puani hadi tumboni, wakaanza kumlisha maziwa maalumu. Kidogo sana. Ukikiona kipimo chenyewe utasema ni cha kumnyweshea paka.

Mama alikiona, na mama ndiye mama. Mwanamke huyu amelisha shule nzima kwa miaka, watoto wa watu wamekuwa wanaume kwa mwiko wake. Hajawahi kupima unga maishani. Husema mkono wake ndio kibaba. Nilipopata nafasi chuo kikuu aliwaambia majirani, "Mtoto wa mpishi kaenda kusomea kupika!" na akacheka mpaka akashika ukuta. Leo anamwona mumewe amebaki mifupa, halafu mtu mwenye kalamu anampimia maziwa kwa bomba kama la sindano. Aliniuliza, "Mnamlisha au mnamdanganya?" Nikamjibu, "Ndio utaratibu, mama." Basi. Hilo ndilo jibu nililompa, mimi niliyekuwa nikiwachorea kina mama wa watoto picha kwenye karatasi mpaka waelewe.

Wewe nikueleze vizuri. Mtu aliyekaa na njaa muda mrefu mwili wake hujifunga, unaishi kwa akiba. Ukimshindilia chakula ghafla, hasa cha sukari na wanga, mwili unashtuka na kuyavuta madini yaliyomo kwenye damu kwa pupa, moyo unabaki bila madini ya kufanyia kazi. Unaweza kusimama. Njaa haikumuua, shibe inamuua. Hili tulifundishwa darasani, na hakuna aliyecheka siku ile.

Mama alikuja na flaski saa ya kutazama wagonjwa. Alikuwa amepika uji mzito wa maziwa na sukari, akauchuja kwa kitambaa tena na tena hadi ukawa laini wa kupita kwenye mpira. Hakuna mwingine ambaye angeweza. Nesi angejaribu mpira ungeziba. Nesi alipomuuliza, mama akamwambia, "Binti yangu ndiye kaniagiza. Si unamwona hapa kila siku na koti lake?" Nesi alikuwa na wagonjwa chungu nzima, na kweli alikuwa akiniona. Akampa bomba.

Baba akachangamka. Hata akatania. Mama akaondoka anaimba, na kesho yake akaja na flaski kubwa zaidi.

Nilipoitwa nilikuwa nampima mtoto. Nilifika nikakuta miguu ya baba imevimba, anahema kama aliyepanda mlima, ananiita kwa jina la marehemu dada yake. Madaktari wamemzunguka: huyu anasema ni mapafu, huyu anasema labda dawa. Wanaandaa sindano za kutibu kitu kingine kabisa. Mama amesimama miguuni pa kitanda, mikono nyuma.

Bomba lilikuwa juu ya meza. Nililishika ili niliondoe tu njiani, na harufu ikanipata. Unaijua ile harufu, Mama Mdogo, wewe uliyekula kwa mkono wake kabla yangu. Unga uliokaangwa kidogo kwenye sufuria kavu kabla ya kutiwa maji. Hakuna mtu mwingine ninayemjua anayepika uji hivyo. Nikainua macho, na mama akanitazama. Nikajua ananiomba ninyamaze.

Damu nzito kuliko maji, sikatai. Lakini mficha maradhi kifo humuumbua, na aliyekuwa akiumbuliwa pale ni baba yangu. Nikasema, "Daktari, amelishwa uji. Mama yangu amemlisha, uji wa sukari, mwingi."

Ndivyo nilivyomshtaki mama yangu. Wewe ungefanyaje?

Wakabadilisha kila kitu. Wakasimamisha chakula, wakamtundikia madini kwenye mshipa, wakampeleka chumba cha uangalizi maalumu. Mpaka ninapoandika anapumua mwenyewe, lakini moyo bado unaruka mapigo na hawataki kutuahidi kitu.

Sasa sikia kilichonikuta. Nesi akajitetea: mama kasema binti ndiye aliyeagiza. Wote wakanigeukia. Mama Mizani akaniuliza, nikasema hapana, sikuagiza. Akamuuliza mama. Mama akatoa leso, akajifuta uso, akanyamaza. Mama Mdogo, alinyamaza! Neno moja tu lilikuwa linatakiwa.

Mama amezuiwa kuingia wodini. Mimi nimesimamishwa, na koti nimeambiwa nilirudishe ofisini mpaka kamati ya chuo ikutane Alhamisi. Wakiona niliagiza, mafunzo yangu yamekwisha, na baraza la taaluma yetu haliwezi kumsajili mtu kama huyo kuwa mtaalamu wa lishe. Miaka yote ya kukariri kemia ya damu, nitakuja kukushikia uzi huko.

Ninakwenda nyumbani mchana na kurudi bwenini jioni. Mama hanisemeshi. Ananuna, lakini sahani yangu anaijaza mpaka ukingoni, nami nakula kwa sababu nikiacha itakuwa vita nyingine. Namwelewa, hilo ndilo baya. Akikiri kwamba chakula chake kilimwangusha mumewe, mwanamke huyu abaki na nini? Namwelewa na nimemkasirikia, vyote kwa pamoja, na sijui niviweke wapi.

Wewe ndiye mtu pekee anayemsikia. Naomba umwambie

*

Jumapili, 14 Juni.

Mama Mdogo, niliishia hapo. Kalamu ilikataa. Niliona aibu kukutuma umlazimishe dada yako kwa faida yangu, nikaikunja barua nikaitia chini ya godoro. Sasa naimalizia, na sitafuta kitu huko juu.

Siku iliyofuata nilimkuta mama jikoni anasugua sufuria ambayo tayari ilikuwa safi. Nilichoka. Nikavuta kigoda nikakaa mbele yake, nikamweleza yale niliyokueleza wewe, polepole, kama ninavyowaeleza wengine. Alisugua tu. Nilipomaliza akauliza bila kugeuka, "Kwa hiyo ni uji?" Nikasema, "Ni wingi wake, mama. Uji hauna kosa." Akasema, "Mbona hukuniambia?" Nikasema nilimwambia ni utaratibu.

"Utaratibu!" Hapo aligeuka. "Utaratibu ni neno la kumfukuzia mtu dirishani. Mimi nilikuwa namwona mume wangu anakufa, wewe unaniambia utaratibu?"

Tukakaa. Maji ya bomba yalikuwa yanadondoka na hakuna aliyeinuka kuyafunga. Kuhusu kamati hakusema lolote, nami sikuomba.

Alhamisi niliingia peke yangu. Chumba kile kina meza ndefu na viti vingi vitupu, na kiti cha mtuhumiwa kimewekwa mbali kidogo, sijui nani aliamua. Walikuwa watatu pamoja na Mama Mizani. Wakasoma maelezo ya nesi. Wakaniuliza kwa nini nilivaa koti kando ya kitanda cha mgonjwa ambaye si wangu. Nikasema kweli: kwa sababu baba alipenda kuniona nalo. Mmoja akaandika kitu kirefu. Wakaniuliza kama nina shahidi yeyote kwamba sikuagiza. Nikasema sina.

Mlango ukafunguliwa bila kubishwa. Alikuwa mama, na aproni yake ya shuleni, jasho usoni, ametoka jikoni watoto wa watu wakiwa kwenye foleni. Katibu akamwambia hakuitwa. Mama akamwambia, "Mwanangu, hata sokoni sikuitwa, na naenda."

Kisha akasimama wima. "Huyu hakuniagiza. Nilitumia jina lake kama mtu anavyochukua mwiko wa jirani bila kuomba. Uji niliupika mimi, nikauchuja mimi, nikammiminia mimi. Mlitaka mkosaji, ndiye huyu." Hakunitazama. Akauliza kama wamemaliza, kwa sababu ameacha maharage motoni.

Mama Mdogo, nilitaka kucheka na kulia, nikafanya vyote viwili mbele ya kamati.

Nimerudishiwa koti. Nimeandikiwa onyo la kulivaa mahali pasipo pangu, na zamu ya wodi nitairudia yote. Ni haki yao na sinung'uniki. Mtihani wa baraza nitaufanya na wenzangu. Tuombeane.

Baba ametoka kwenye chumba kile cha mashine. Miguu imenywea, na ameniita kwa jina langu. Jana walimpanua koo, na leo wakaamua ajaribu kumeza. Mama Mizani akamwita mama, akamwambia zuio limeondolewa na kwamba uji wa kujaribia aupike yeye. Nilidhani nimesikia vibaya. Mama alikuja na flaski ileile, akasimama mlangoni pa wodi kama mwanafunzi aliyechelewa, na kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe nikamsikia akiuliza, "Kiasi gani?"

"Kijiko kimoja," Mama Mizani akasema. "Kidogo, cha chai. Kisha tusubiri mpaka kesho."

Mimi nilikaa pembeni, nimevaa gauni la nyumbani. Mama akachota, akapangusa chini ya kijiko kwenye ukingo wa kikombe kama anavyowapangusia watoto wadogo, akamtia baba mdomoni. Tukalitazama koo lake sote. Likapanda, likashuka. Hakukohoa.

Baba akafumbua macho, na Mama Mdogo, akafungua mdomo tena. Aliufungua wazi na kungoja, seremala mzima na mvi zake. Flaski imejaa. Mkono wa mama ukaenda nusu ya njia.

Ukarudi. Mama akakifunga kifuniko, akakikaza kwa mikono miwili, machozi yanamdondokea mapajani. "Kesho, baba watoto," akamwambia. "Kesho nitakupa viwili."

Nisalimie baba mdogo na binamu zangu wote, na yule jirani yako anayekuletea vitambaa. Mama anakusalimu, anasema atakupigia mwenyewe na usimwulize kitu mpaka aanze yeye. Mungu akulinde, ayape macho yako nuru na mikono yako nguvu, tuje tukutane sote meza moja.

Ni mimi mwanao unayemwita Kidomo kwa kuwa hakuweza kunyamaza tangu utotoni, nikupendaye siku zote,

Kidomo