Majina Yaliyorudisha Mbuzi

Mjukuu wangu, bwana yangu Baraka,

Koko wako, bibi yako, anakusalimia kutoka Durban. Hapa Isipingo tuko wazima. Shangazi yako amefungua saluni ya pili, na umeme unakatika vichwa vya wateja vikiwa vimejaa dawa. Eish!

Unasema kaunti yenu huko Amerika iko na chumba cha kumbukumbu za koo, na mzee wa pale amekataa kukuandika kwa sababu jina lako si la baba yako. Nimekasirika mpaka nikaunguza maharage. Kwetu kila mtoto anapewa jina lake mwenyewe. Kwani jina la baba ni chapa ya ng'ombe?

Unaniuliza kama kweli tuna ukoo. Nilipokuwa msichana, kijana mmoja mzuri alikuja kunichumbia, ndugu zake wakiswaga mbuzi. Shangazi yangu akamwambia, "Mbuzi wasubiri. Taja babu zako." Akataja, nami nikataja wangu. Kwenye jina la tano tukatamka pamoja: Lubunga.

"Rudisheni mbuzi," shangazi akasema. "Hawa ni ndugu."

Nililia sana, lakini hakuna aliyebisha, wala aliyeomba karatasi.

Basi rudi kwa huyo mzee. Muulize babu yake wa tano ni nani, bila kufungua kitabu. Kisha mtajie wako: Baraka wa Amani, Amani wa Riziki, ambaye ni mimi, na kuendelea. Ukifika kwa Lubunga, mwambie jina hilo lilimnyima Koko wako mume. Anataka ushahidi gani mwingine?

Koko Riziki