Ghati alivyorusha mpira

Kisaka, Serengeti

Dada Rhobi, shikamoo. Nimefika salama, ila mvua inanyesha kila mchana.

Jana nilimkabidhi mama yake Ghati sweta nyeupe ambayo marehemu alikuwa akivaa tulipoichezea nchi kriketi. Mama sasa anakaa kijiji kipya cha ujamaa.

"Alifika hata Ulaya," akasema, "lakini sijui alikuwa anafanya nini huko."

Nikaokota gunzi, nikakimbia uani, nikalirusha mkono umenyooka kupita sikio, vile Ghati alivyorusha mpira. Mama akacheka. "Ndivyo alivyofukuza ngedere shambani!"

Akauliza kama tulishinda mechi yake ya mwisho. Nikamwambia tulishindwa, ila Ghati alitoa wachezaji wanne wa upinzani peke yake, huku homa imempanda na hakutuambia.

Mama akajifunika uso kwa ile sweta, akalia. Kisha akasema, "Rudia, mwanangu." Nikarudia mpaka bega likauma, na kila mara alisema nirudie.

Amenifungia unga wa ulezi niwaletee. Dada, nenda ukamwone mama yetu leo, usingoje Jumapili.

Mdogo wako akupendaye,
Bhoke