Mguu Wangu na Barabara ya Bonga

Maisaka, Babati
Juni 2009

Dada Apolonia,

Shikamoo dada. Kifua kinaendeleaje, na ile migomba iliyolazwa na upepo, umepata wa kuisimamisha? Anayekusomea barua hii asome polepole, maana ni mkono wangu mwenyewe, sikumpa mtu aniandikie. Sisi huku wazima. Mbaazi zimezaa, na tangu tuwe makao makuu ya mkoa kila nikiamka naona bati jipya linang'aa. Mwanangu Kindness anakusalimu sana, ingawa juzi juzi tulikuwa hatusemeshani.

Tuligombana kwa ajili ya gari langu, lile jeupe. Lilianza kushtuka. Ukikanyaga mafuta kidogo linaruka kama ndama, ukiachia linazimika. Kindness akasema gari ni zima, kibovu ni mguu wangu, umezeeka, kwa hiyo gari liuzwe kabla sijagonga watoto wa watu. Akaleta mpaka mnunuzi. Mimi, dada! Mimi niliyeshusha lori la ushirika mteremko wa Magara kwenye mvua, breki hazipo, na abiria juu ya magunia wanaimba! Nikamwambia mnunuzi anywe chai aende zake. Kindness akaapa kwamba likinizimikia tena barabarani anachukua ufunguo.

Nilijua dawa. Nikasema ni mafuta machafu, nikamwaga tangi lote. Likashtuka. Nikasema ni plagi, nikabadilisha zote. Likashtuka zaidi. Tena kuna taa ya njano pale mbele ya usukani, ina picha ya injini, ikawa haizimiki. Hiyo nikaibandika plasta, kwa sababu dereva wa kweli husikiliza injini, hatazami vitaa.

Ubaya wake, lilipenda kuzimikia Bonga, barabara ya Dodoma, mbele ya nyumba ya Bernadina, Mama Festo, yule mjane anayeuza mbaazi. Mara ya kwanza alinipa pole. Mara nyingine akaniambia mbele ya wenzake, Baba Kindness, gari lako lina adabu kweli, likifika kwangu linasimama kusalimia. Wale wanawake walicheka mpaka wakamwaga mbaazi. Nikafungua boneti, nikatazama ndani kama daktari, nikawaambia injini inapumzika.

Basi nikaenda kwa Shaaban, fundi umeme wa magari karibu na stendi. Nilimwagiza asafishe kabureta tu. Akasema mzee wangu, gari hili halina kabureta. Nikabisha. Nikamwambia aitafute vizuri. Kijana ana heshima, akatafuta! Kisha akabandua plasta yangu akacheka peke yake.

Akanieleza kwamba pale hewa inapoingilia kwenye injini kuna kidude wanakiita sensa, na kazi yake ni kuiambia kompyuta ya gari mguu wa dereva umekanyaga mafuta kiasi gani. Kikisema uongo, gari linachanganyikiwa. Akafungua swichi bila kuwasha injini, akaunganisha mita yake yenye mshale, akaniambia nikanyage taratibu. Mshale ukapanda vizuri, ukapanda, mara puu, ukaanguka chini kabisa. Nikaongeza mguu, ukarudi juu. Tukarudia na kurudia, unaanguka pale pale. Nikamuuliza kama mguu wangu ndio unaotetemeka. Akakanyaga yeye kwa mguu wake wa ujana. Ukaanguka pale pale! Dada, nilipiga kelele gereji nzima ikasimama. Nikamtuma mtu amwite Kindness aje aone kwa macho yake mguu wa baba yake ulivyo mzima.

Kindness alipofika, Shaaban alikuwa amekipasua kile kidude. Ndani kuna kinjia cheusi, na mahali pamoja pamelika kabisa, kama njia ya ng'ombe waendao ziwani kunywa. Akasema hapo ndipo mguu wa mzee umekaa muda mrefu kuliko popote, mwendo mdogo sana, wa kusindikiza jeneza. Akaniuliza, mzee, hapa mjini unakimbia kama mgambo wanakufukuza, sasa huwa unatambaa wapi? Nikamwambia afunge sensa mpya na mdomo wake pia aufunge. Lakini Kindness alikuwa ananitazama tu.

Dada, ninatambaa Bonga. Kila jioni naenda mpaka mwisho wa nyumba za Bonga nageuza, sina shamba huko wala mdeni. Nampita Bernadina polepole nimwone akipepeta.

Jioni ile gari lilikwenda kama maji. Nikapita mlangoni kwake bila hata kikohozi. Bernadina akasimama na ungo mkononi akanitazama ninavyopita, na hakucheka. Nikageuza. Nikakanyaga breki mwenyewe, nikashuka. Nilitaka kuanza na habari ya Magara, akasema hiyo ameshaisikia. Basi nikasema nimechoka kula peke yangu. Akapepeta, akapepeta, mimi jasho linanitoka. Mwishowe akasema posa haisemwi na mwenye posa. Nilete mtu mzima wa kwetu, azungumze na kaka zake wa Dareda, na awe mtu anayejua kunyamaza kidogo.

Mtu huyo ni wewe. Nilipofiwa na mke uliniambia siku moja nitaoa tena, nikabisha. Sasa nakubali ulisema kweli, ila usizoee. Kindness amelia, amecheka, amesema afadhali ningesema mapema kuliko kumaliza mafuta.

Njoo na galoni la mbege la kuwatosha kaka zake kunywa, na usipande gari la mtu pale stendi, nitakuwepo. Wape salamu wote wa nyumbani, hata yule jirani wa ugomvi wa mpaka. Mungu akulinde njiani. Ukifika Dareda sema wewe. Mimi nitakaa kimya, nimemwahidi Bernadina.

Mdogo wako,
Ludovick, dereva