Peasi la Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi
Leo jirani kaja na shoka. Eti mpeasi wetu unamvunjia ukuta, Jumapili anaukata. Mama mkwe kaliegemea shina—kata, anza na mimi! Jirani kaondoka. Mimi nilikuwa dirishani, naosha kikombe kilekile mpaka kikang'aa.

Jumatano, 5 Machi
Wifi ana akili. Kamwita bwana shamba: akisema ni peasi la asili, mti haukatwi. Sasa nyumba nzima tunatafuta asili! Shemeji anasema baba yao alileta kijiti kimechomekwa kwenye kiazi kisikauke. Mume wangu anabisha—alipewa na mfalme. Mfalme gani? "Wa wakati huo." Haya. Mama mkwe kimya. Yeye, ambaye hata usingizini anakoroma!

Jumamosi, 8 Machi
Bwana shamba kafika. Hatujamkaribisha, kachuma moja kaling'ata—jiwe! Kashika shavu. Peasi hili, ganda kama kisigino, shingo imepinda kama ya mtu anayesikiliza ya watu (sijui limemwiga nani), haliliwi mtini. Unalichuma gumu, unalilaza kwenye sanduku la mablanketi mpaka chumba kinukie asali. Likiivia mtini, nje bibi harusi, ndani limeoza. Mama mkwe kamtolea la sandukuni. Kalamba mpaka kiwiko! Hajaliona kwingine, anasema. Wifi karuka juu.

Kisha bwana shamba kainama, kapapasa kovu shinani. Mti umeungwa—chini aina moja, juu nyingine. Aliyeunga ni fundi hasa.

Fundi wa kuunga miti mtaani alikuwa mmoja tu: marehemu baba yake jirani! Na baba mkwe, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa safari... Mama mkwe kavuta mtandio mpaka puani. Mimi sijamwambia mtu. Shoga yangu tu.

Jumapili, 9 Machi
Shoga hana kifua! Jirani kaja asubuhi, shoka kaliacha. Kaukumbatia mti, machozi yanamtoka: "Mikono ya baba yangu hii! Nani aguse?" Anataka kibao chenye jina la mzee wake, kipigiliwe hapohapo shinani. Shemeji na mume wangu wamenywea. "Mama, si unamkumbuka mzee?" jirani anamuuliza mama mkwe.

Mama mkwe kaingia ndani. Nikadhani chai. Katoka na shoka letu la kuni!

"Nipisheni."

Wifi kamdaka kiuno. Jirani kang'ang'ania shina, ukuta wake hata haukumbuki. Naandika nimesimama dirishani. Mama mkwe kasita. Anauliza nani kaanza kusema—na shoga, huyo getini, ananyoosha kidole huku dirishani