Rejista ya Watoto Sitini

Wewe uliyeliokota daftari hili, nakuomba kwa heshima ya mama yako: lifunge. Usilisome kwa sauti, usimwonyeshe mtu hata ukurasa mmoja, usilipige picha. Ndani mna majina ya watu, na mimi nina kazi moja tu duniani. Ukishindwa kabisa kujizuia, basi soma, kisha nyamaza.

Jumatatu, 20 Julai 2026

Rejista ya Kituo chetu cha watoto imefungwa leo saa kumi na dakika tano. Watoto sitini! Shule tatu za hapa kisiwani, programu ya likizo ya Agosti: kompyuta, kuogelea, mijadala. Mwaka jana walikuwa thelathini na mmoja.

Nimeiandika yote kwa mkono wangu. Mtoto mmoja, mstari mmoja. Jina, shule, mzazi, sahihi au dole gumba. Kwa mpangilio wa kufika, si kwa kujuana — aliyetangulia ni nambari moja, basi. Chuoni tulifundishwa kuwa rejista haifutwi. Ukikosea unakata kwa mstari mmoja, unaandika lililo sawa, kisha unatia sahihi yako kando ili ajulikane aliyekata. Sijakata hata mahali pamoja. Nimeifungua mara nne kuitazama tu.

Nambari sitini ni Fairuz, mjukuu wa Bi Swafiya, mwenye nyumba ninayopanga Mji wa Kale. Bi Swafiya alipanga foleni kama wengine, akaniita “karani” mbele za watu kana kwamba hatukunywa chai pamoja asubuhi. Nilijiuma mdomo nisicheke.

Jumanne, 21 Julai

Madam Wanza, meneja wetu, kaniita ofisini kwake. Ndani ameketi Bwana Dzoro na bahasha kubwa magotini. Dzoro ni mtu wa Mheshimiwa, mwakilishi wetu wa wadi. Mheshimiwa akitaka jambo hapa mtaani Bondeni, haji yeye. Huja Dzoro.

Uchaguzi ni mwakani, lakini huku umeshaanza. Mheshimiwa ni wa chama cha Nanga, rangi ya zambarau. Mpinzani wake ni Kasa, kijani. Kila upande umegawa leso, yaani kanga, za rangi yake nyumba kwa nyumba.

Dzoro alieleza kwa upole, na huo upole ndio ulionitisha. Kituo hiki kinasimama kwa juhudi za Mheshimiwa, hakiwezi kulea watoto wa watu wanaomtukana. Ndani ya bahasha mna picha za mkutano wa wazazi wa mwezi uliopita. Niongeze safu kwenye rejista, nitazame picha mzazi baada ya mzazi, kwa kuwa mimi ndiye niwajuaye kwa sura. Mwenye leso ya Nanga, niandike N. Ya Kasa, K. Nafasi za watoto wa K watapewa wengine. Mwisho Ijumaa.

Niliuliza, kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia vizuri, kama leso yatosha kuwa ushahidi. Akacheka.

“Mwanangu, mimi mzaliwa wa hapa. Nimejua kusoma leso kabla sijajua kusoma gazeti. Mwanamke wa Mombasa hajifungi neno asilolitaka.”

Na nani hajui hilo? Leso husema. Jirani akikuudhi humjibu kwa mdomo, unajifunga leso ukapita mlangoni kwake. Niliona ana hoja. Hilo ndilo linaloniuma sasa.

Madam Wanza muda wote alitazama kalamu yake. Mkataba wangu unaisha tarehe 31. Hakuna aliyeutaja.

Niliandika tisa. N, N, K, N, N, K, K, N, N. Nambari tatu ni mtoto mwenye kigugumizi. Tangu aanze mijadala ya Jumamosi hapa Kituoni husimama mbele ya watu na kumaliza sentensi yake, hata ichukue dakika. Nimempa K.

Jumatano, 22 Julai

Sikufanya hata mmoja leo. Nilisema kichwa kinaniuma, na kweli kiliuma.

Odera, mwalimu wetu wa mijadala, aliketi mezani kwangu akalalamika mpaka chai yake ikapoa. Shule ya kwanza mwalimu mkuu kapiga picha na Mheshimiwa, wiki hiyohiyo madawati yakaletwa. Shule ya pili mwalimu mkuu alikataa kupiga picha, timu yao ikaondolewa kwenye mashindano ya wadi. Ya tatu walimu wenyewe wamegawanyika, chumba kimoja cha walimu, birika mbili za chai. Na sasa mijadala. Mijadala ni kupewa upande na kuutetea, uutake usiutake. Watoto wanakataa. Mmoja kamwambia Odera hawezi kutetea hoja ya upande wa kijani, kwa sababu waliwekewa kadi za kijani mezani, na baba yake atasikia kwamba amehama.

Kadi tu!

Fairuz ndiye aliyezichukua. Akatetea zile za kijani, akabadili akatetea za zambarau, akashinda mara zote mbili. Odera alisimulia akijipiga paja. Alisema tukiwa na watano kama huyo anaweza kulala usingizi.

Hajui nina nini kwenye droo. Sikumwambia. Nilifunga droo kwa ufunguo, kisha nikaivuta kuhakikisha, kisha nikaivuta tena.

Alhamisi, 23 Julai

Lazima niandike hili taratibu.

Asubuhi nilipanda darini kuanika shati. Kamba ya Bi Swafiya imejaa leso. Zambarau, kijani, zambarau, kijani. Za Nanga na za Kasa, zimebanwa kwa vibanio vilevile. Nilisimama na shati langu linachuruzika miguuni.

Alipopanda nilimwamkia, kisha nikamuuliza, kama kwa mzaha, yeye ni wa wapi hasa.

Akanitazama kama nimeuliza chumvi inatoka wapi. Walikuja Nanga, akasema, wakatoa jozi. Wiki ya pili wakaja Kasa, jozi vilevile. Sasa avae ipi, amkosee nani? Leso huja mbili zimeshikana, na lazima uzikate ili upinde. Basi mtaa mzima wamekata na kubadilishana, kila mmoja ana kipande cha huku na kipande cha kule. Wakibisha hodi Nanga, ya Nanga inakwenda kichwani. Wakibisha Kasa, inashuka kiunoni.

“Na nguo yenyewe nyepesi, mwanangu. Moja haisitiri.”

Na siku ya mkutano wa wazazi?

“Siku ya mkutano tulijifunga zote mbili. Wewe ulikuwa waandika, hukuinua mato.”

Nimefika ofisini saa moja kasoro. Nimezipanga picha mezani, nikaweka rula chini ya kila safu ya viti. Wameketi, na mtu akiketi unaona kichwa na mabega kwanza. Teremka. Magotini, pale upindo unapochungulia, kuna rangi ya pili. Mama baada ya mama. Akina mama hamsini na wawili: arubaini na saba wana zote mbili, watano wana buibui tu. Wanane waliobaki ni akina baba, wana mashati na kanzu, hawasemi lolote.

Nambari kumi na saba ni Ketty. Mama yake ni dada wa tumbo moja na Bwana Dzoro. Zambarau kichwani. Kijani magotini, tena kipana.

Kwa hiyo tisa zangu ni uongo. Zote tisa, hata zile N. Na rejista haifutwi.

Nimekata herufi moja moja. Kando ya kila moja nimeandika: “Zote mbili.” Kando yake sahihi yangu na jina langu kamili, Mbodze Kiti. Mara tisa. Kisha nimejaza hamsini na mmoja waliobaki kama nilivyoona: zote mbili, zote mbili, buibui, shati, zote mbili. Nilipomaliza nilienda kunawa wino mikononi. Nikarudi, nikaitazama. Ni kazi safi. Sijawahi kufanya kazi safi kuliko hii.

Ijumaa, 24 Julai

Bwana Dzoro alikuja kabla ya swala. Madam Wanza mezani, yeye kitini, mimi nimesimama.

Alipitisha kidole kwenye safu mpya mpaka mwisho wa ukurasa, akageuza, akapitisha tena. Akauliza haya ni mambo gani.

Nikasema ni leso. Nimeandika nilichoona.

“Wanifanyia mzaha, binti Kiti?”

Nikasema hapana. Nikaeleza habari ya jozi. Maneno yalitoka kwa mpangilio, kama nimeyaandika. Alianza kutikisa kichwa: anawajua wanawake wa hapa, kila mtu ana upande wake, leso haidanganyi. Nikaiweka mbele yake picha aliyomo mama wa nambari kumi na saba.

Aliisogeza karibu na macho.

“Huyu ni dadangu.”

“Ndiyo, Bwana Dzoro.”

“Dadangu ni Nanga.”

“Kichwani, Bwana Dzoro.”

Nilidhani Madam Wanza amekohoa. Hakukohoa. Aliinamisha uso na mabega yakamtikisika.

Dzoro aligeuza picha ikatazama meza. Akasema, bila kunitazama, rejista iandikwe upya na karani mwingine, karani anayejua kazi. Hapo ndipo Madam Wanza alipoinua uso. Mwanamke aliyetazama kalamu siku nne!

“Rejista haiandikwi upya, Bwana Dzoro. Karani ameshatia sahihi.”

Akavuta droo, akatoa mhuri, akapiga kurasa zote nne. Nilihisi kila pigo kwenye nyayo. Mhuri ukishapigwa, orodha ni orodha ya Kituo, si ya Mbodze peke yake. Alijua anachofanya. Ana watoto wawili na mkopo wa nyumba huko Changamwe, na alijua.

Naogopa mpaka meno yanauma. Lakini nilitembea kwenda nyumbani kupitia Biashara Street, barabara ndefu, makusudi, nikipita chini ya leso zote zile zilizoning’inizwa madukani. Nilikuwa najisikia mrefu.

Jumatatu, 27 Julai

Tangazo limebandikwa getini: Kituo kimefungwa kwa matengenezo mpaka itakapotangazwa. Hakuna kilichoharibika. Hata bomba halivuji.

Mkataba wangu hautaendelezwa. Barua ina mistari miwili. Madam Wanza amehamishiwa ofisi ya stoo kule Shimanzi, kuanzia leo. Kabla hajaondoka alinikabidhi rejista, akaniandikia na hati ya kuipokea, tukatia sahihi sote wawili. Alisema orodha isiyo na mtu wa kuishika hupotea.

Jumatano, 29 Julai

Odera na mimi tumezunguka siku nzima kutafuta ukumbi. Ukumbi wa kanisa: wangependa, lakini wanaogopa kuonekana wana upande. Ukumbi wa madrasa: wangependa, lakini wanaogopa kuonekana wana upande. Maneno yaleyale, hata kupapasa ndevu kulekule.

Jioni nilimwambia Bi Swafiya. Aliuliza watoto wangapi wanaenea ukumbini kwake chini, mikeka ikitandikwa. Nikapima kwa hatua. Ishirini.

“Basi nyumba mbili zaidi zatakiwa.”

Alivaa buibui akatoka. Kabla ya Isha alikuwa amerudi na nyumba mbili. Moja Bondeni, ya mama wa nambari tano. Ya pili — nilimuuliza mara mbili — ni ya mama yake Ketty. Kasema kakake akitaka kuja kuwatoa watoto sebuleni kwake, aje na leso yake mwenyewe.

Kwa hiyo: moja hadi ishirini kwa Bi Swafiya. Ishirini na moja hadi arubaini, Bondeni. Arubaini na moja hadi sitini kwa mama Ketty. Kwa mpangilio wa kufika. Kuogelea hakutakuwepo. Kompyuta ni mbili, ya Odera na yangu. Mijadala itakuwepo, tena kila siku.

Ijumaa, 31 Julai

Siku ya mwisho kuwa karani kwa mujibu wa barua. Nilirudisha ufunguo wa droo. Askari wa getini aliniuliza rejista iko wapi, wameiulizia juu. Nikasema nimeipokea kwa hati, aliyenikabidhi ndiye awezaye kuidai. Mimi nilisema hivyo! Kwa mdomo huu.

Jumatatu, 3 Agosti

Saa mbili kasoro. Nipo nje ya geti la Kituo, kwenye kiti cha plastiki cha Bi Swafiya, rejista mapajani, daftari hili juu yake. Anayenitazama atadhani nahesabu watoto. Nahesabu pia.

Wamefika thelathini na wanane. Odera anawapeleka kumi kumi, kila kundi nyumba yake. Nambari tatu alinisalimia, sentensi nzima, na nilimngojea mpaka mwisho. Wazazi wengine hawajapata habari, wanafika, wanaona kufuli, wanageuka. Ndiyo maana nilibandika karatasi getini.

Askari ameichana sasa hivi. Alifanya hivyo bila kunitazama usoni, kisha akanong’ona kwamba Bwana Dzoro yuko njiani na kwamba mtoto wake, yeye askari, ni nambari hamsini na mbili. Akaenda kusimama upande wa pili wa geti, mgongo umenielekea.

Gari jeupe limesimama ng’ambo ya barabara. Mlango haujafunguliwa. Karatasi ya kwanza haikuwa na jina langu, niliandika tu “Uongozi”. Hii ya pili naipanga hapa kwanza, nisiharibu karatasi:

WAZAZI WA PROGRAMU YA AGOSTI. Watoto wote sitini wana nafasi, hakuna aliyeondolewa. Msirudi nyumbani. Kama hamnioni hapa getini, ingieni Mji wa Kale, nyumba ya Bi Swafiya, mlango wa buluu uliotazamana na fundi wa cherehani. Pigeni hodi kwa nguvu, watoto wana kelele. Niko kila siku kuanzia saa mbili hadi saa kumi. Ulizeni kwa jina: Mbodze Kiti, karani.